Siku sita kati ya sindano na sindano: vitu vya Kichina unavyoweza kufanya mwenyewe nyumbani

Wengi tukishachomwa sindano za akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano nyembamba, tunarudi nyumbani tunakaa, tunasubiri miadi ya wiki ijayo kama mtu anayesubiri basi. Mimi nilifanya hivo hivo karibu miezi miwili. Bega langu la kulia lilikuwa limekaza sababu ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, nachomwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu nasikia raha, ikifika Jumatano bega limerudi palepale na Ijumaa hata shingo haigeuki. Nkamwambia mzee anayenichoma labda tuongeze idadi ya sindano. Akaniuliza, wiki ina masaa 168, moja uko hapa na mimi, hayo 167 huwa unafanya nini? Nkakosa la kusema, maana nilikuwa sifanyi kitu.

Kumbe hata kwa Wachina wenyewe sindano haikuwahi kusimama peke yake. Neno lao la tiba hii ni zhenjiu, zhen ni sindano na jiu ni kuchoma majani, yaani ule moto unaosogezwa karibu na ngozi, moksa. Sisi tumechukua nusu ya neno tukaacha nusu. UNESCO ilipoiweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2010 iliweka vyote viwili pamoja, sindano na moksa. Na kile kisa kilichoifanya akupancha ijulikane sana Marekani, cha mwandishi wa New York Times James Reston mwaka 1971, watu huwa wanakisimulia vibaya. Wanasema alipasuliwa kidole tumbo kule Beijing kwa ganzi ya sindano. Sio hivo, operesheni alifanyiwa kwa ganzi ya kawaida ya hospitali, sindano zilikuja baadae tumbo lilipomjaa gesi likamsumbua, akachomwa kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, na muda huo huo wakawasha vipande viwili vya majani wakavisogeza karibu na tumbo. Sindano na moto kwa pamoja.

Sasa tuingie kwenye kazi. Naandika nilivyojaribu mwenyewe na vile nilivyofundishwa, na sehemu zenye hatari ntazisema pale pale, sisubiri mwisho maana mwisho watu huwa hawafiki.

Kuminya pointi

Anzia hapa, haina gharama na ni ngumu kuharibu. Pointi ni zile zile za sindano ila unatumia dole gumba. Wachina wanaeleza kwamba qi, inatamkwa chii, inatembea kwenye njia zake mwilini na ikikwama ndio maumivu. Mimi qi sijawahi kuiona na ukipasua mwili hutaikuta imelala mahali, ila kama ramani ya kukuonyesha pa kuminya imenisaidia, kwa hiyo sigombani nayo.

Ya kwanza ni neiguan, ya kichefuchefu. Geuza kiganja kitazame juu, weka vidole vitatu vya mkono wa pili kwenye ule mstari wa kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, pale kidole cha tatu kinapoishia ndio hapo, katikati ya kano mbili. Kama kano huzioni kunja ngumi kidogo zitajitokeza zenyewe. Bonyeza na dole gumba, sio kwa ncha ya kucha, tumia lile bapa lake, zungusha polepole dakika mbili mpaka tatu afu hamia mkono wa pili. Zile bangili zenye kitufe ambazo watu huvaa kwenye meli au gari wasitapike zinabonyeza hapo hapo. Hii ni moja ya pointi zilizofanyiwa utafiti mwingi kuliko zote, hasa kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji, kwa hiyo hata mtu asiyeamini qi anaweza kuijaribu bila kuona aibu.

Ya pili zusanli. Kaa kwenye kiti goti limekunjwa, weka vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, afu toka nje upana wa kidole kimoja kutoka mfupa wa muundi. Ukibonyeza vizuri unasikia kitu kama uzito au maumivu matamu yanashuka kuelekea mguuni, hiyo ndio dalili umepapata. Ukisikia mfupa umekosea, sogea nje kidogo. Jina lake maana yake ni li tatu za mguu, li ni kipimo chao cha umbali, sasa hivi ni kama nusu kilomita, na hadithi inasema msafiri aliyechoka akiminya hapo anapata nguvu ya kwenda li tatu zingine. Mi huwa naiminya baada ya kula, tumbo likiwa zito.

Ya tatu hegu, ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, watu wanaitumia kwa kichwa na meno. Mjamzito aiache hii, ndio desturi ya waganga wa Kichina tangu zamani, na hata kama ushahidi wa madhara ni mdogo sioni sababu ya kubahatisha.

Gua sha

Hapa ndipo bega langu lilipobadilika kwa hiyo ntakaa kidogo. Gua ni kukwangua, sha ni vile vidoti vyekundu vinavyojitokeza. Kinauzwa kipande cha jiwe la jedi au pembe, kizuri tu, ila kijiko cha supu cha udongo wa kaure, kile kinene chenye ukingo laini, kinafanya kazi ile ile. Pitisha ukingo wake kwanza kwenye mdomo wako, ukisikia mkwaruzo wowote usikitumie mgongoni kwa mtu.

Kuna eneo kati ya shingo na ncha ya bega, ule mlima wa nyama unaokuwa mgumu kama ubao. Paka mafuta, mengi, hapa usibanie, ngozi kavu ndio inayochubuka. Shika kijiko kimelala, kisisimame wima kama kisu, pembe yake na ngozi iwe ndogo, kama nyuzi 30 hivi. Vuta kutoka chini ya kisogo kushuka na shingo afu toka nje kuelekea begani, upande mmoja tu, usisugue kwenda na kurudi kama unasafisha sufuria. Inua, rudi mwanzo, vuta tena. Nguvu iwe ya kumfanya mtu aseme hapo hapo, akianza kukunja uso umezidisha. Mara 10 hadi 15 kila mstari zinatosha kabisa, na mara nyingi hata kabla ya hapo utaona pameanza kuwa pekundu na unasikia kupitia kijiko vichangarawe fulani chini ya ngozi. Vikianza kulainika acha.

Mimi mara ya kwanza sikuacha. Nilijiambia kama mistari 15 inasaidia basi 40 itamaliza kazi, kesho yake bega limekuwa zambarau siwezi kubeba begi wala kuegemea kiti, na nikaenda miadi yangu hivo hivo mzee akakataa kunichoma sehemu ile. Wiki nzima ya sindano nikawa nimeipoteza kwa kiherehere changu. Zile alama kwa kawaida zinaondoka ndani ya siku mbili mpaka wiki, subiri ziishe zote ndio urudie sehemu hiyo. Afu usikwangue juu ya uti wenyewe, pita pembeni, usipite juu ya chunusi, kidonda, mishipa iliyovimba wala doa jeusi lililoota. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, asiguse hii wala chuku, yaani vikombe vya hapo chini.

Chuku, au vikombe

Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, kuumika, na pembe yenyewe ni chuku, wengine wanajua hijama. Neno hilo hilo ndio tunalotumia kwa mtu anayetia chumvi kwenye maneno, kupiga chuku, na huwa nacheka nikiona matangazo ya vikombe vinavyoponya presha, kisukari na ndoa. Wachina nao walianza na pembe, tabibu Ge Hong aliyeishi karne ya 3 na ya 4 anatajwa miongoni mwa wa mwanzo walioandika habari zake. Dunia ikaja kushtuka mwaka 2016 Michael Phelps alipoingia kwenye bwawa la Olimpiki ya Rio ana miduara mabegani.

Ile miduara sio sumu inatoka, naomba tuelewane hapo. Ni vimishipa vidogo vya damu vimepasuka kwa kuvutwa, basi. Raha unayosikia inatokana na nyama kuinuliwa, masaji inabonyeza chini, kikombe kinavuta juu.

Nyumbani tumia vikombe vya silikoni vya kubinya au vya pampu, achana na vya moto. Wanaofanya vya moto wanajua wanachofanya, wewe una pamba inawaka mkono mmoja na simu ya kuangalia video mkono wa pili. Paka mafuta, binya kidogo, bandika kwenye nyama nene kama juu ya bega au pembeni ya kiuno, acha dakika 5, siku nyingine 8, usizidi 10. Ukilala na kikombe mgongoni unaamka na lengelenge. Na ile ya kuchanja ngozi damu itoke isifanyike nyumbani kabisa, hapo tunaongelea maambukizi ya damu, muone mtu aliyesomea na vifaa vyake viwe vya kutumia mara moja.

Chagua moja kwa wiki, gua sha au chuku, sio vyote sehemu moja. Na mpe mwili siku mbili kabla ya miadi ya sindano.

Moksa

Yale majani yanaitwa ai, ni ndugu wa pakanga, yanakaushwa yanasagwa mpaka yanakuwa kama sufi halafu yanaviringishwa kama sigara nene. Unawasha ncha, unapuliza mpaka iwe kaa jekundu, unaisogeza sentimita 3 hivi kutoka kwenye ngozi, haigusi. Kidole kimoja cha mkono mwingine kiweke pembeni ya pointi, hicho ndio kipima joto chako, hasa ukimfanyia mtu mwingine au mzee ambaye ngozi yake imepungua hisia. Wengine wanashusha na kupandisha kama kuku anavyodonoa, wengine wanazungusha duara dogo. Dakika 5 mpaka 10 mpaka ngozi iwe na joto na wekundu kidogo, zusanli ndio sehemu nzuri ya kuanzia. Kila baada ya dakika moja au mbili kung'uta majivu kwenye kisahani, usipokung'uta yataanguka yenyewe na yataanguka kwako.

Mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Moja, moshi wake unanuka kama bangi, kabisa, kwa hiyo fungua madirisha na waambie majirani mapema. Mbili, hiyo kitu haizimiki. Niliibonyeza kwenye kisahani nikaona imezima nikaitupa kwenye ndoo ya taka yenye makaratasi, nusu saa baadae jiko limejaa moshi. Sasa hivi nina chupa ya kioo yenye mchanga, naichomeka kichwa chini, inakosa hewa inakufa. Mwenye pumu aiache. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni aiache pia, atajiunguza bila kujua.

Kuna moksa inayofanywa kwenye kidole kidogo cha mguu ili mtoto aliyekaa vibaya tumboni ageuke, ipo kweli na imefanyiwa tafiti, ila hiyo ni ya kufanya na mkunga au daktari wako akijua.

Mwendo na pumzi

Ungenilazimisha nichague kitu kimoja nitupe vingine vyote, ningebaki na hiki. Vijiko na vikombe unafanyiwa, huku unafanya mwenyewe, na mwili unakumbuka zaidi unachofanya. Ni mambo ya zamani sana, kwenye kaburi moja la Mawangdui kule Changsha, China, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, walikuta mwaka 1973 kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44 wakifanya mazoezi ya kujinyoosha, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana.

Tai chi, ile mikao ya polepole inayofuatana, ndio maarufu. Kuna mfululizo wa mikao 24 uliotungwa na kamati ya michezo ya China mwaka 1956 kwa ajili ya watu wa kawaida, na ndio wengi wanaanzia huo. Tai chi kwa ujumla ina ushahidi mzuri kuliko karibu kila kitu nilichotaja hapa, kwa wazee wasianguke, na mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, waliofanya tai chi saa moja mara mbili kwa wiki kwa miezi 6 wakawa wanasimama bila kuyumba vizuri kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya uzito au ya kujinyoosha. Tatizo lake ni kwamba kukariri mikao 24 kunachukua miezi na watu wanakata tamaa kwenye wa tano.

Ndio maana mi nakwambia anza na Baduanjin, mazoezi nane ya qigong, yaani mazoezi ya Kichina ya mwendo na pumzi, jina lake ni vipande nane vya hariri. Unasimama eneo la mkeka wa kulalia, dakika 12 umemaliza. La kwanza ni hili, simama miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, yaani yasifungwe kama mlango. Pishanisha vidole vya mikono miwili mbele ya kitovu, pandisha mikono huku unavuta pumzi kwa pua, ikifika kifuani geuza viganja, sukuma juu kama unazuia dari lisidondoke, macho yafuate mikono. Kaa hapo sekunde mbili, utasikia mbavu zinafunguka ubavuni, afu achia mikono ishuke pembeni huku unatoa pumzi. Mara 6. La pili unavuta upinde kushoto na kulia, la tatu mkono mmoja unasukuma juu mwingine chini, la nne unageuza kichwa kutazama nyuma, na hili la nne ndio dawa ya watu wa kompyuta, fanya taratibu, bega lisigeuke na shingo, shingo peke yake. La tano unayumbisha kichwa na makalio, la sita unashuka kushika miguu, mwenye mgongo mbovu aishie magotini. La saba ngumi na macho makali, watoto wanalipenda. La nane unapanda kwa vidole vya miguu afu unaachia visigino vidondoke chini puu, mara 7, mtikisiko unapanda mpaka kwenye meno, kwa hiyo usiume ulimi.

Pumzi yenyewe, weka mkono vidole vitatu chini ya kitovu, mkono utoke nje ukivuta na urudi ndani ukitoa. Kama kinachopanda ni mabega bado unapumulia kifuani. Usibane pumzi, mwenye presha hasa.

Dawa za majani sifundishi

Nimeulizwa sana na jibu ni hapana. Sio kwamba hazina nguvu, tatizo ni kwamba zinayo. Mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa qinghao, na fununu ya kuitoa dawa bila kuuchemsha mmea aliipata kwenye maandishi ya yule yule Ge Hong. Upande wa pili, Ubelgiji miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake waliokuwa wanatumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye majani ya Kichina waliharibika figo, mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Hata ule mzizi mtamu wa gancao ambao upo kwenye mchanganyiko mwingi unapandisha presha ukiutumia sana. Kama mtu anakuandikia dawa, mpe orodha ya vidonge vyote unavyomeza, na daktari wa hospitali naye ajue. Vidonge vya presha au sukari usiache eti kwa sababu unasikia vizuri.

Na kuna maumivu ambayo sio ya kijiko. Kifua kubana, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, mgongo unaouma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, homa na shingo ngumu, hayo ni ya hospitali sasa hivi.

Wiki yangu inavyokwenda

Jumamosi sindano, siku hiyo nakula kitu chepesi kabla, nikienda na njaa napata kizunguzungu nikiwa nachomwa, na nikitoka sifanyi chochote kingine zaidi ya kutembea. Jumapili napumzika. Kuanzia Jumatatu Baduanjin kila asubuhi kabla sijagusa simu, nikigusa simu kwanza imekwisha. Jumanne gua sha begani, wiki nyingine vikombe. Jumatano moksa magotini jioni. Kuminya pointi muda wowote, kwenye foleni, kwenye kikao. Alhamisi na Ijumaa ngozi inapumzika, mazoezi yanaendelea.

Mwezi wa kwanza tofauti ilikuwa ndogo, bega lilianza kurudi Alhamisi badala ya Jumatano. Wa tatu tukapunguza sindano zikawa mara moja kwa wiki mbili.

Ukirudi kwa mchomaji wako mwambie kila ulichofanya hata kama ulizidisha, muonyeshe alama zilipo asichome juu yake. Na asubuhi ya miadi usisugue ulimi kwa mswaki wala usinywe kahawa, maana ataomba utoe ulimi aangalie rangi na utando wake, ukiwa umeusugua umemfutia alichotaka kusoma.